Kijani cha tangini na haidrojeni: mwani unajuaje saa ya kuchacha?

Wiki ilopita kwenye grupu yetu ya familia iliingia voisnoti ya Mjomba, dakika tatu nzima, akisema ati ameskia serikali inaleta haidrojeni ya kijani na hiyo haidrojeni yatoka kwa ule ukijani unaoota ndani ya matangi, kwa hivo tangi la juu ya paa lisioshwe tena manake tutakuwa tunamwaga mafuta. Shangazi akajibu kwa kucheka, binamu akaleta klipu ya mtu mwenye koti jeupe ameshika chupa ya maji ya kijani inayotoa mapovu, mwengine akasema yote ni uongo wa mitandaoni, na kufikia saa nne usiku watu washanuniana. Nikaulizwa mimi kwa kuwa nilisoma baiolojia. Nilipoyaskiza yote nikaona kila mtu pale alikuwa na kipande cha ukweli mkononi, ila hakuna aliyekuwa na kipande sawa na cha mwenzake.

Ya serikali nimalize haraka. Haidrojeni ya kijani ya kwenye habari, ile Kenya iliyozindulia mkakati wake Septemba 2023 wakati wa kongamano la tabianchi la Afrika kule Nairobi, haina uhusiano na mwani hata kidogo. Ni kuchukua maji ukayapitishia stima mpaka yakagawanyika haidrojeni na oksijeni, na hiyo stima iwe ya jua, ya upepo au ya mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria. "Kijani" pale ni sifa ya usafi, kama tunavyosema fulani ana roho nyeupe na hakuna aliyempasua akaangalia. Hapo Mjomba aliteleza. Lakini kuna mwani wa kijani ambao kwelikweli hutoa gesi ya haidrojeni, na hapo Mjomba hakuteleza, ila hauitoi ovyo, una masharti yake kuliko mganga.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Hapa Pwani ukisema mwani mtu anafikiria ule wa baharini wanaoulima kina mama kule Kibuyuni, Kwale, wakaufunga kwa kamba. Ule ni mwani mwekundu, ukoo mwengine kabisa. Mimi naongelea wa kijani wa seli moja, ule ambao mmoja mmoja huwaoni ila wakiwa mamilioni maji yanageuka rangi. Anayechunguzwa zaidi kwenye maabara anaitwa Chlamydomonas reinhardtii, na kabla hujashtuka, hana undugu na klamidia ya ugonjwa wa zinaa, ni vile majina yote mawili yametoka kwa neno moja la Kigiriki la joho. Mimi ntamwita Klami. Ni mdogo hivi kwamba ukiwapanga 100 kwa mstari ndo wanafika kama milimita moja, ana mikia miwili ya kuogelea, ana kijidoa cha kuonea mwanga, na anaishi kwenye udongo na maji yasiyo ya chumvi. Orodha nzima ya jeni zake ilichapishwa 2007.

Jeni, sio jini. Nasema kwa sababu kuna mtu lazima ataleta ubani. Jeni ni kama ukurasa mmoja kwenye kitabu cha mapishi cha nyanya yako, hakitoki kabatini. Ukitaka kupika pilau hubebi kitabu jikoni, unanakili ule ukurasa kwa karatasi, karatasi ndo inaenda jikoni, chakula kinapikwa. Chakula hapa ni protini, na protini zinazofanya kazi za kuvunja na kuunganisha vitu zaitwa vimeng'enya. Kwa hivo mtu akisema "jeni imewashwa" anamaanisha ukurasa ule unanakiliwa kwa wingi, hajasema kama pilau imeiva. Hilo liweke pembeni, tutalirudia.

Sasa kuchacha. Watu wengi wanadhani kuchacha na kuoza ni kitu kimoja, na sio. Unga wa mahamri unachacha, tembo la mnazi linachacha, maziwa lala ni yaliyochacha, na hakuna kati ya hivyo mtu anaita uozo (labda tembo la jana, hilo tusilitetee). Ukitaka kujua kuchacha ni nini hasa, twende sokoni Kongowea, Mombasa.

Seli yoyote, yako, ya mnazi, ya Klami, inapata nguvu kwa kuvunjavunja sukari, na kila ikivunja kuna mzigo wa elektroni unatoka (vile vichembe vidogo vinavyopita kwenye waya wa stima), na elektroni haziachwi zizurure, zinapakiwa kwa vibebaji ambavyo tuviite mikokoteni. Sasa pale sokoni asubuhi mikokoteni ni ile ile michache, inapakia kutoka kwa lori, inapeleka kwa kibanda, inashusha, inarudi. Siku kibanda kimefungwa mikokoteni yote inasimama imejaa vitunguu na lori la pili likija haliwezi kupakuliwa hata vitunguu viwe vizuri vipi. Soko limesimama na mali tele iko, kilichokosekana ni pa kushushia. Oksijeni ndo kibanda. Watu tunadhani twahitaji oksijeni kama chakula, kumbe kazi yake kubwa ni hiyo tu, kuwa mahali pa kutupia elektroni mwisho wa safari. Ikiwepo, sukari moja inatoa karibu 30 za ATP, ambazo ni kama tokeni za stima za ndani ya seli. Isipokuwepo, ule mvunjo wa mwanzo wa sukari unatoa 2 pekee, na hata hizo 2 hupati kama mikokoteni imejaa.

Kuchacha basi ni kutafuta pa kushushia pengine. Hamira inashusha kwa pombe, misuli yako ukikimbia sana pale ufukweni Mama Ngina inashusha kwa asidi ya laktiki, na kwa taarifa tu yale maumivu ya kesho yake hayaletwi na hiyo asidi, inakuwa ishaondoka kitambo.

Klami yeye ana vichochoro vingi. Anatoa asidi ya fomiki, ile ile majimoto wanayokurushia ukipanda mwembe. Anatoa asidi ya siki. Anatoa ethanoli, yaani pombe yenyewe. Anatoa kaboni dioksidi, na anatoa haidrojeni. Hachanganyi hivi kwa kukosa msimamo, kila njia ina faida yake: njia ya siki inampa tokeni ya ziada lakini haimshushii mzigo, njia ya pombe inamshushia mzigo lakini haina tokeni, kwa hivo anazipigia hesabu zote pamoja. Watafiti wakaja wakafunga baadhi ya njia kwa kuharibu jeni moja moja waone itakuwaje. Wakifunga ya fomiki, pombe inaongezeka na asidi ya laktiki inatokea. Wakifunga ya pombe, anaanza kutoa gliseroli. Wakimnyima uwezo wa kutengeneza haidrojeni, anatoa kitu chengine kiitwacho saksineti ambacho kwa kawaida hakitoi kwa wingi. Ni kama tuktuk barabara ikifungwa, unaona zishapita nyuma ya msikiti, kwa uchochoro ambao hata wewe mwenyeji hukuujua.

Swali la kweli sasa ndo hili: kwa nini mmea, au kitu kama mmea, kinachotengeneza oksijeni yake mwenyewe, kihitaji haya yote? Hapa ndo watu wanachanganyikiwa zaidi. Tulifundishwa mimea inatoa oksijeni tukaishia hapo. Mchana ndio, mwanga upo, Klami anafanya usanisinuru, anatoa oksijeni kuliko anayotumia na anajiwekea akiba ya wanga. Lakini kupumua hakuachi, mchana na usiku, na jua likizama anabaki anatumia bila kutengeneza. (Hii haimaanishi ule mmea wa chumbani utakumaliza hewa usiku, mtu unayelala naye anatumia oksijeni nyingi kuliko yeye.) Kwenye maji yaliyojaa mwani, au udongo uliolowa wenye bakteria tele, wote wanapumua na hakuna anayezalisha, oksijeni inaisha. Wafugaji wa samaki wanalijua hili bila kusoma kitabu, bwawa likiwa kijani sana alfajiri unakuta samaki wako juu wanahema. Saa hiyo hiyo samaki anahema, Klami kule chini ashahamia kwenye vichochoro.

Anajuaje?

Wengi wanadhani ni giza. Jua likizama anawasha, likichomoza anazima, kama taa za barabarani. Hapana. Mweke gizani lakini umpulizie hewa vizuri, jeni ya kutengeneza haidrojeni haiwaki. Giza pekee halitoshi, anachosoma ni oksijeni kwanza. Mwanga unaingia kwenye hadithi kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa ndo unaoamua oksijeni itakuwepo au la, na pia ndo unaoamua elektroni ngapi zitakuwa zinasubiri kushushwa. Ukishika hapo umeshika sehemu kubwa ya makala hii.

Kuisoma oksijeni kwenyewe si kwa kifaa kimoja. Kuna protini moja, CRR1, ambayo ilijulikana kwanza kama msimamizi wa shaba. Madini ya shaba yakipungua, CRR1 inakaa kwenye jeni fulani na kuziwasha ili seli iweze kuishi bila shaba, kwa mfano inabadilisha kibebaji cha elektroni chenye shaba na kuweka chenye chuma. Sawa. Halafu ikaonekana kwamba oksijeni ikiisha, hata kama shaba ipo tele, CRR1 hiyo hiyo inaingia kazini, na Klami ambaye CRR1 yake imeharibika, jeni yake ya haidrojeni haipandi inavyotakiwa. Yaani askari uliyemwajiri kulinda stoo ya shaba ndo huyo huyo anayepiga kengele hewa ikikatika. Mi hili lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza na bado lanishangaza, manake mtu ungetengeneza wewe ungeweka vifaa viwili, maumbile yakaona moja latosha.

Lakini askari huyo hana nyumba nzima. Mamia ya jeni zinabadilika oksijeni ikiisha na kuna kundi kubwa ambalo halimngojei CRR1 hata kidogo. Kwa jeni nyengine inaingia oksidi ya nitriki, gesi ndogo ambayo hata mwili wako unaitumia kulegeza mishipa ya damu, pamoja na protini za ukoo wa hemoglobini. Ndio, hemoglobini, ile ya damu. Klami anazo za kwake, fupi fupi, na mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba moja ikipunguzwa anapata shida kuishi pasipo hewa na baadhi ya jeni zake za saa hiyo hazipandi sawasawa. Mfumo ambao sisi binadamu twatumia kuhisi oksijeni, ule uliopewa Nobeli ya tiba 2019, yeye hana. Kila ukoo ulitafuta njia yake.

Sasa rudi kwa ile karatasi ya mapishi. Stima ikipotea nyumbani kwako hungojei jenereta, unawasha mshumaa uliokuwa kwenye droo. Klami pia ana baadhi ya vimeng'enya vya kuchachia vimekaa tayari hata wakati oksijeni ipo, kwa hivo vichochoro vya kwanza vinafunguka papo hapo bila kunakili jeni yoyote. Jenereta ndo kimeng'enya cha haidrojeni, kinaitwa haidrojenasi, na hicho hakiwekwi tayari. Jeni yake inaanza kunakiliwa oksijeni ikishapotea, haichukui hata saa moja, na kunakiliwa bado sio mwisho. Haidrojenasi ikitoka jikoni ni ganda tu, inahitaji moyo wake uingizwe, na huo moyo ni kitu cha ajabu: chuma na salfa, umeshikiliwa pembeni na kaboni monoksidi na sianidi. Moshi wa jiko la makaa na sumu ya muhogo mchungu, ndani ya kiumbe kimoja, na ndo vinamuokoa. Kuutengeneza huo moyo kunahitaji protini zengine maalum, na jeni za hizo nazo zinawashwa wakati ule ule. Kwa hivo mtu akikuletea habari kwamba "jeni ya haidrojeni imewashwa mara kadhaa zaidi", muulize kwa upole, pilau imeiva au bado ni karatasi?

Na sababu ya kutoiweka tayari ni kwamba oksijeni inaiua. Haiizimi, inaiua, ule moyo unavunjika na haurudi. Kuipika mchana ni sawa na kutengeneza barafu ukaianika juani pale Makadara.

Basi twende alfajiri, ambapo kila kitu kinagongana. Usiku kucha Klami amekuwa akivunja wanga na kushusha elektroni taratibu, haidrojeni inatoka kidogo kidogo. Jua linachomoza. Mitambo ya mwanga inaamka haraka, inaanza kusukuma elektroni, lakini kile kiwanda cha kutengeneza sukari bado kina usingizi, kinachukua muda kupata moto. Mikokoteni inajaa tena, mara hii kutoka upande wa pili! Na haidrojenasi iko pale pale, ilipikwa usiku. Inapokea elektroni hizo inazitumia kutengeneza gesi, na hapo haidrojeni inafumka kwa nguvu kuliko ilivyokuwa usiku mzima. Halafu mwanga ule ule unaanza kujaza oksijeni, na haidrojenasi inakufa, fumko linakoma baada ya muda mfupi. Mwanga unaipa kazi kisha unaiua. Ndo maana wengi wanaiona haidrojenasi kama valvu ya presha, ile ya sufuria ya presha, inapiga mluzi dakika chache mpaka kiwanda kiamke.

Tabia hii haikugunduliwa juzi. Mjerumani Hans Gaffron, akiwa Chicago, ndo alieleza kuanzia mwisho wa miaka ya 1930 kwamba mwani wa kijani, yeye alitumia aina nyengine, Scenedesmus, unaweza kushughulika na haidrojeni ukikosa hewa, na 1942 yeye na Jack Rubin wakaripoti inatoka gizani na inatoka zaidi ukiuwasha mwanga. Miaka mingi ikawa kitu cha kushangaza tu. Mpaka 2000, Anastasios Melis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzake wakapata ujanja: mnyime Klami salfa. Bila salfa hawezi kukarabati ule mtambo wa mwanga unaopasua maji, ambao huharibika kila siku na huhitaji fundi kila siku. Mtambo unadorora, oksijeni inayotengenezwa inakuwa kidogo kuliko inayopumuliwa, na chupa ikiwa imefungwa basi ndani oksijeni inakwisha kukiwa na mwanga mchana kweupe. Klami anasoma "hakuna oksijeni", anawasha jeni, haidrojenasi inapikwa, na safari hii hakuna wa kuiua, kwa hivo gesi inatoka kwa siku kadhaa badala ya dakika. Ile chupa ya binamu yenye mapovu nadhani ni ya namna hiyo. Sio uongo. Ila utaona bei yake, unamfanya mgonjwa ndo akutolee gesi, hawezi kukua, akiba yake ya wanga inaisha, baada ya siku chache lazima umrudishie salfa apone kwanza. Hapo ndo kisiki kilipo hadi leo, na watu wanahangaika kutafuta haidrojenasi isiyouawa upesi na oksijeni au mwani unaopumua zaidi, na hakuna gari hapa mjini linalotembea kwa mwani wala usitarajie kuliona kesho ukivuka Likoni.

Nilimtumia Mjomba yote haya kwa voisnoti nne, shikamoo mbele, nikamalizia na tangi: tangi letu lina mfuniko uliopasuka, hewa inaingia na jua linaingia, kwa hivo oksijeni haiishi na jeni hizo hazina sababu ya kuwaka. Tena sio kila kijani ni Klami, kuna vile viumbe vya kijani-buluu ambavyo ni bakteria na baadhi yao wana sumu, kwa hivo lioshwe na lifunikwe kitu kisichopitisha mwanga. Akaskiza zote, tiki za buluu nikaziona. Baada ya nusu saa akajibu: "Ahsante mwanangu, nimefahamu sana. Sasa tukinunua mfuniko mpya usiopitisha hewa, halafu tukatia salfa kidogo?"

Salfa inatolewa, Mjomba. Haitiwi.